Kapu Lisilokuwapo: Kumbukumbu Potofu za Watu Wengi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya ilielezwa kwamba kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na kwamba Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Uingereza, alilionyesha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1932, baada ya kuwapa watu hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waisome na kuisimulia tena, nao wakaibadili hatua kwa hatua mpaka ikafanana na mambo waliyoyazoea. Huko kila msimulizi alikosea kwa namna yake. Jambo linalochunguzwa sasa ni zito zaidi, nalo ni watu wasiojuana kukumbuka kosa lile lile, kila mmoja akiwa na yakini nalo.

Hali hiyo huitwa athari ya Mandela, jina lililoenezwa na mwandishi wa Marekani, Fiona Broome, aliyeona kwamba yeye na watu wengine walimkumbuka Nelson Mandela kuwa alifia gerezani miaka ya 1980, ilhali kiongozi huyo aliachiwa tarehe 11 Februari 1990, akawa rais wa Afrika Kusini mwaka 1994, na akafariki tarehe 5 Desemba 2013. Jina limekaa, lakini mfano wenyewe ni dhaifu, kwa sababu mtu aliyezifuatilia habari za Afrika Kusini kwa mbali angeweza kumchanganya Mandela na Steve Biko, ambaye kweli alifia mikononi mwa dola mwaka 1977. Nembo za biashara zinafaa zaidi kwa uchunguzi, kwa kuwa ni picha ndogo, hazina habari ndefu ya kufuatilia, na mtu huziona mara nyingi mno.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni nembo ya Fruit of the Loom, kampuni ya Marekani ya nguo za ndani na fulana, ambayo hata mnunuzi wa mitumba huweza kuikuta kwenye lebo ya ukosi. Nembo hiyo ni tofaa, zabibu na majani, basi. Hata hivyo watu wengi huapa kwamba nyuma ya matunda hayo palikuwa na kapu la rangi ya kahawia lenye umbo la pembe ya mnyama, ambalo katika sanaa ya Ulaya na Marekani huwa alama ya neema na mavuno, na kampuni yenyewe imekanusha kwamba kapu hilo liliwahi kuwamo katika nembo yake.

Ni lazima kosa la namna hii litenganishwe na usahaulifu wa kawaida. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaomba wanafunzi 85 wachore nembo ya Apple bila kuitazama, na mmoja tu ndiye aliyeichora bila kosa, huku waliobaki wakikosea hapa na pale, kama vile upande uliomegwa au namna jani lilivyokaa. Watu hao hawakuwa wameitia nembo hiyo maanani, nayo macho huyapita yale yaliyozoeleka. Usahaulifu wa jinsi hiyo huwatawanya watu, bali kapu la Fruit of the Loom huwakusanya.

Mkusanyiko huo ndio uliochunguzwa na Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Washiriki 100 walionyeshwa picha 40 za nembo na wahusika mashuhuri, kila picha ikiwa katika sura tatu, moja ya kweli na mbili zilizobadilishwa, wakatakiwa kuchagua iliyo sahihi. Picha saba zilidhihirisha kosa la pamoja, zikiwamo nembo za Fruit of the Loom na Volkswagen, pamoja na Pikachu, ambaye wengi walimpa ncha nyeusi ya mkia asiyokuwa nayo.

Maelezo ya haraka hutegemea skima, yaani muundo wa maarifa ambao akili hutumia kujazia mapengo. Kwa bwana wa mchezo wa Monopoly, anayekumbukwa akiwa na kioo cha jicho moja ambacho hana, maelezo hayo yanaridhisha, kwa maana tajiri mzee mwenye kofia ndefu na fimbo huitisha kioo hicho. Kwa kapu hayatoshi hata kidogo: watu huyaona matunda kwenye sahani na bakuli mara nyingi kuliko ndani ya pembe, na lau skima ingekuwa ndiyo inayotawala, sahani ndiyo ingekumbukwa.

Dhana ya kwamba kosa limeambukizwa na picha potofu nayo ina upungufu, kwani picha ambazo watafiti hao walizipata kwenye intaneti kwa sehemu kubwa zilikuwa sahihi. Wala haikuonekana kwamba waliokosea walikuwa wameitazama picha kwa namna tofauti na wenzao. Lililo zito kuliko hayo ni kwamba walipoombwa kuchora kwa kumbukumbu, bila kuonyeshwa sura yoyote ya kuchagua, baadhi ya washiriki waliliingiza kosa lile lile kwa mikono yao wenyewe.

Itaendelea.