Harufu ya Mbali na Harufu ya Karibu

Mbu jike wa anofelesi anapotoka usiku kutafuta damu, macho yake hayamfikishi mbali. Kinachomwongoza ni pumzi ya aliyelala. Hewa tunayoitoa mapafuni ina kaboni dioksidi takribani 4%, ilhali hewa ya kawaida haifikishi hata 0.1%. Hewa hiyo ikishatoka dirishani haisambai sawasawa. Upepo huikatakata ikawa nyuzinyuzi. Mbu akigusa uzi mmoja, huelekea upepo unakotoka. Akiupoteza, huruka kushoto na kulia kuukata upepo mpaka aupate tena.

Wengi hudhani kazi hiyo hufanywa na vipapasio vyake virefu. Sivyo. Kaboni dioksidi huhisiwa na viungo viwili vilivyo kandokando ya mrija wa kunyonyea, vyenye vinyweleo vifupi vya namna ya pekee. Ndani ya kila kinyweleo mna seli tatu za neva. Moja huitikia kaboni dioksidi. Nyingine huitikia okitenoli, kemikali iliyomo katika pumzi ya ng'ombe na ambayo imetumika sana kunasia mbung'o.

Lakini ng'ombe anapumua, na mbuzi pia. Pumzi humwambia mbu kwamba kuna kiumbe hai, haimwambii ni nani. Jibu hilo liko kwenye ngozi, na hapa ndipo vipapasio vinapofanya kazi. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi yetu huvunjavunja jasho na mafuta, zikatoka amonia na asidi za aina nyingi, na mchanganyiko huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ndiyo maana katika chumba kimoja mmoja huamka amejaa vipele na mwenzake hana hata kimoja. Husemwa aliyeumwa ana damu tamu, ila mbu humchagua kabla hajaionja damu hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliofanywa kwa mbu aina ya Aedes aegypti, ulionyesha kwamba waliopendwa zaidi na mbu walikuwa na asidi za kaboksili nyingi zaidi kwenye ngozi, na kwamba tofauti hiyo ilidumu kwa miaka.

Jaribio linaloniridhisha kuliko yote lilifanyika nyumbani kwetu, katika bonde la Mto Kilombero. Mtafiti Fredros Okumu na wenzake walichanganya amonia, asidi ya laktiki, asidi nyingine za ngozi na kaboni dioksidi, wakaiweka harufu hiyo katika kibanda kimoja na watu katika kibanda kingine. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalistaajabisha: harufu ya kutengenezwa ilivuta mbu wengi mara tatu hadi tano kuliko binadamu. Ila vyote viwili vilipowekwa ndani ya kibanda kimoja, ushindi huo ulitoweka.

Kwangu mimi, hapo ndipo tabia ya mbu inapojieleza vizuri zaidi. Hategemei dalili moja. Mbali huongozwa na harufu. Akikaribia hufuata pia joto la mwili na unyevu wa ngozi, vitu ambavyo chupa ya kemikali haina. Hata mbu wa maabara walioharibiwa vipokezi vya kaboni dioksidi bado waliweza kumpata mtu. Anayetaka kumpotosha mbu kwa harufu sharti amnase kabla hajaingia chumbani.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika katika Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mitego yenye harufu ya binadamu ilitundikwa nje ya nyumba, feni zake zikiendeshwa kwa umeme wa jua, na kaboni dioksidi ikabadilishwa na butanoni, isiyohitaji mitungi ya gesi. Watu waliendelea kulala ndani ya vyandarua. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa karibu 30% katika nyumba zilizokuwa na mitego, na umeme huohuo wa jua uliwawashia wenye nyumba taa na kuchaji simu zao.