Mchango wa Duka: Gunia la Unga au Sare ya Shule?

Kando ya barabara za Busia na Malaba zinazoelekea mpaka wa Kenya na Uganda, maduka mengi ni ya familia. Mama yuko kaunta, baba anahesabu magunia stoo, kijana anafunga mzigo kwenye bodaboda. Familia hizi huombwa mchango kila mara: kadi ya harambee ya karo, bahasha ya kanisa, kikundi cha kina mama wanaolea yatima. Desemba ikikaribia, wengi hujaza pikapu unga, sukari, mafuta na sabuni, wakaenda makao ya watoto, wakapiga picha na kurudi kufungua duka. Nia ni njema. Ila biashara ndogo haina pesa za kumwaga, na shilingi ikitoka yafaa ijulikane imemfikisha mtoto wapi.

Jibu la swali hilo limetafutwa hapa hapa Busia. Kuanzia miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la ICS lilisaidia shule za msingi za Busia na Teso, huku mwanauchumi Michael Kremer na wenzake wakilinganisha shule zilizopata msaada na zile ambazo zamu yao ilikuwa haijafika. Mwaka wa 2019 Kremer alitunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee kwa utafiti wa namna hiyo.

Tuanze na vitabu. Shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada, na kila mtu akatarajia alama zipande. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakiongoza tayari. Wengine walibaki palepale. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa mtoto aliyelelewa kwa Kiteso au Kisamia hiyo ni lugha ya tatu. Wengi hawakuweza kuvisoma.

Kisha minyoo. Kuanzia 1998, shule 75 ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua kijijini. Wataalamu wengine wamebishana kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, lakini serikali ilianza kugawa dawa hizo shuleni nchini mwaka wa 2009, kwa hiyo duka halina haja ya kuzinunua.

Zinazobaki ni sare, na hapa mwenye duka ana nafasi. Kila mtu amemwona mtoto wa sweta ya kurithi, mikono imemeza vidole, kaptula imepasuka nyuma, anayeketi dawati la mwisho ili asiitwe ubaoni. Sare zilipogawiwa kwa bahati nasibu katika shule za Busia, utoro wa waliozipata ulishuka kwa zaidi ya theluthi, na kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa, kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, watafiti waliporudi baada ya miaka minane hawakuona tofauti katika darasa la mwisho walilofikia waliopata na waliokosa. Sare moja ilimsaidia mtoto muda wa kuivaa. Kizuizi kidogo huondolewa kwa pesa kidogo, lakini mtoto anakua, nguo inachakaa, na kizuizi kinarudi. Mchango nao sharti urudi.

Weka hesabu mezani. Duka likitenga shilingi 100 kila jioni linapofunga mauzo, kwa siku 26 za kazi litakuwa na shilingi 2,600 kwa mwezi. Serikali, kupitia mpango wake wa ruzuku wa Inua Jamii, huipa kaya inayolea yatima shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo duka moja la familia linaweza kufikia kiwango hicho kwa kaya moja, mwezi baada ya mwezi, bila kuitisha harambee.

Pesa hizo ziende wapi? Zamani jibu lilikuwa makao ya watoto. Sera imegeuka. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya familia na jamii. Sababu ni kwamba wengi walioko kwenye makao wana mzazi au ndugu aliye hai. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini. Makao yanayoletewa pikapu kila Desemba huenda yakawa na sababu ya kubaki na watoto. Nyanya anayelea wajukuu watano kule Amagoro hapati pikapu.

Njia rahisi ni kupitia shule. Mwalimu mkuu anajua nani amekosa nini. Mwombe idadi ya sare na vipimo, usiombe majina. Mlipe fundi wa sokoni moja kwa moja, azishone, azipeleke shuleni. Mtoto atavaa kama wenzake bila kujulikana kuwa ni wa msaada. Picha acha: Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake. Na ukimkuta mtoto anabeba mizigo mpakani saa za masomo, piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, inayotumika Kenya na Uganda pia.

Kuna jambo la kodi ambalo wachangishaji hulipamba. Huambiwa kwamba mchango utakupunguzia kodi. Duka lenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, likiwa chini ya kodi ya mauzo, hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote tangu Julai 2023, na hakuna gharama inayoondolewa, iwe pango, mshahara au sadaka. Nafuu hiyo ni ya biashara zinazotozwa kwenye faida, nazo ni sharti ziwe zimechangia shirika lililosamehewa kodi na mamlaka ya kodi, KRA, na kupewa risiti.

Kwa hiyo kadi ikiletwa kaunta, uliza mambo matatu. Shirika limesajiliwa wapi? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na usajili si siri. Mwaka jana liliwarudisha watoto wangapi kwa jamaa zao? Na mchango wa mwaka jana ulinunua nini, risiti iko wapi? Anayejibu bila kukunja uso, mpe, na mwezi ujao umpe tena.