Petroli ya Kwenda Loiyangalani Haipimi ya Kurudi

Mwendesha pikipiki anayeiacha lami ya barabara ya Isiolo–Moyale pale Laisamis na kuelekea Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kwa kawaida hutazama ametumia lita ngapi akifika, kisha huchukulia kuwa kiasi hicho hicho kitamrudisha. Kwingineko hesabu hiyo haina ubaya. Huku inaweza kumwacha jangwani. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya kuna uwazi unaoubana upepo wa kusini mashariki na kuuongezea kasi, mkondo ambao wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mwaka 1982. Kwa nguvu za upepo huo huzunguka mitambo 365 ya umeme iliyosimikwa karibu na Sarima, yenye uwezo wa megawati 310. Loiyangalani iko kaskazini magharibi mwa Laisamis, kwa hiyo anayekwenda husukumwa mgongoni, na anayerudi hupambana na upepo wa mbisho.

Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi yake dhidi ya chombo. Tuseme pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa na upepo unavuma kwa kilomita 40. Ukitoka nyuma, hewa inayoikabili pikipiki ina kasi ya 20 tu, na ukinzani ni moja ya tisa ya ule wa siku shwari. Ukitoka mbele, kasi hufika 100 na ukinzani hukaribia mara tatu. Petroli haitapanda kwa kiwango hicho, kwani sehemu yake huliwa na msuguano wa tairi na wa injini yenyewe, lakini mwelekeo ni ule ule. Wako watakaosema kilichookolewa wakati wa kwenda kitafidia hasara ya kurudi. Hakifidii: wastani wa njia mbili bado ni ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya ule wa siku shwari.

Wengine watasema dawa ni kupunguza mwendo. Ni kweli inasaidia, ila hata kwa kilomita 40 kwa saa dhidi ya upepo huo, ukinzani unazidi ule wa kwenda 60 pasipo upepo. Pikipiki kubwa nayo ina nguvu zaidi, lakini masanduku yake ya pembeni na kioo cha mbele hukinga upepo kama tanga. Njia inapopinda, dharuba ya ubavuni hulitoa gurudumu la mbele kwenye mfuo ulioshindiliwa na magari na kulitupa kwenye tuta la changarawe, na hapo uzito ndio unaoangusha. Kwa sababu hiyo jerikeni ya akiba ifungwe chini, isipandishwe juu ya mizigo.

Hata ile desturi ya kudamka alfajiri kukwepa jua inahitaji kupimwa upya, kwa kuwa upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi, kisha hulegea mchana. Anayerudi asubiri ulegee, mradi abakize muda wa kufika kabla ya giza. Na petroli ya kurudi ihesabiwe Laisamis, kabla ya kuondoka, kwa kipimo cha upepo wa mbisho.