Pasaka Unguja: tazama maji kabla ya kukata tiketi

Alhamisi Kuu, gati la boti za Zanzibar jijini Dar es Salaam huwa halina pa kuweka mguu. Watoto wana mabegi mgongoni, akina baba wanabishana na wapagazi, akina mama wanahesabu vichwa kabla ya kupanda. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko Tanzania nzima, kwa hiyo familia inayoondoka Alhamisi inapata siku nne kamili, na boti ya mwendo kasi hufika Unguja kwa takriban saa mbili.

Wazazi wengi hupanga safari hiyo kwa kulinganisha bei ya tiketi na bei ya chumba. Linaloamua kama watoto watafurahi au watanuna ni jambo jingine kabisa: bahari itakuwa wapi saa 4 asubuhi.

Pasaka haina tarehe ya kudumu. Kanisa huiadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, hivyo huangukia siku yoyote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mvuvi akisikia hesabu hiyo anaelewa mara moja. Mwezi ukipevuka, bahari iko bamvua: maji hujaa hadi yakapiga kuta, kisha hupwa hadi miamba ikabaki wazi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Unguja hukaribia mita 4. Baada ya siku saba hivi mwezi umebaki nusu na yamekuja maji mafu, yasiyopanda sana wala kwenda mbali. Pasaka huwa ndani ya juma hilohilo.

Tofauti yake si ndogo. Mwaka 2023 mwezi ulipevuka Aprili 6 na Pasaka ikawa Aprili 9, bamvua ikiwa bado na nguvu. Mwaka 2025 ulipevuka usiku wa kuamkia Aprili 13 na Pasaka ikawa Aprili 20, siku za maji mafu. Aliyekwenda Paje, pwani ya mashariki, Pasaka hizo mbili alikuta bahari mbili tofauti.

Bamvua: siku ya kutembea baharini

Siku za bamvua, maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Katika pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, bahari hurudi nyuma mamia ya mita kuelekea kwenye mwamba unaoukinga ufukwe. Mtoto aliyeahidiwa kuogelea asubuhi hiyo atalia. Aliyeahidiwa kutembea pale ambapo jana yake palikuwa na bahari hatataka kurudi hotelini. Kwenye madimbwi yaliyobaki kuna viti vya pweza, kaa, majongoo bahari na visamaki vilivyokwama vikisubiri maji yarudi. Raba kuukuu ni lazima, maana kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi ambayo ikimwingia mtu mguuni haitoki kirahisi.

Huo ndio muda ambao wanawake wa vijiji hivyo huwa kwenye mashamba ya mwani. Shamba lenyewe ni safu za kamba zilizokazwa kati ya vijiti vilivyochomekwa mchangani, na kila kamba ina vishada vya mwani vilivyofungwa kimoja kimoja kwa uzi. Mkulima huinama, maji yakimfika magotini, akaitikisa kamba ili mchanga udondoke, akavuna kilichokomaa na kubakiza kipande cha mbegu. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani ukishakaushwa husafirishwa nje, na ute wake hutumika kukazia dawa ya meno na aiskrimu, habari ambayo mtoto wa darasa la tatu hataisahau akishika mswaki. Adabu ni moja: shamba halikanyagwi, na kamba haishikwi bila kumwomba mwenyewe.

Maji yakigeuka, familia igeuke pia. Maji hujaza kwanza mabonde yaliyo upande wa nchi kavu, na mtu aliye mbali anaweza kujikuta amezungukwa.

Siku za maji mafu mambo hubadilika. Maji hujaa mnamo saa 3 hadi saa 4 asubuhi, kwa hiyo hata Paje na Jambiani watoto huogelea mapema bila kutembea mwendo mrefu. Asiyetaka kuhangaika na hesabu hizi aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako bahari haikimbii mbali. Nungwi kuna pia bwawa la Mnarani, dimbwi la asili lililozungukwa na mawe ambalo maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Wanakijiji walianza kuhifadhi kasa humo mwaka 1993, wakiwamo wale walionaswa kwenye nyavu za wavuvi. Watoto wanaweza kuwaona kasa na ng'amba kwa karibu na kujifunza namna ya kuwatofautisha.

Mkunazini na kisiwa cha kobe

Kwa familia ya Kikristo, Jumapili huanzia kanisani, na Mji Mkongwe una makanisa makuu mawili. La Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, linajulikana mjini kwa jina la Minara Miwili. La Waanglikana liko Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, aliyekuwa pia bingwa wa kukusanya hadithi za Kiswahili na kuandika sarufi yake. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare.

Ibada ikiisha, mtoto apewe kazi: atafute nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizipachika hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Karibu na altare kuna msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Nje, kwenye shimo lililojengewa, zimesimama sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kwa watoto wadogo inatosha kuwaeleza kwamba watu waliuzwa hapa na kwamba biashara hiyo ilikomeshwa. Wakubwa waingie kwenye maonyesho yaliyo ndani ya uwanja huohuo na wasome wenyewe.

Mchana ni wa Changuu, kisiwa kinachoonekana kutoka ufukwe wa mjini. Gereza lililojengwa huko mwaka 1893 halikuwahi kupokea wafungwa. Kisiwa kikageuzwa kituo cha karantini kwa sababu ya homa ya manjano. Kinachowavuta watoto ni kobe wakubwa wa Aldabra, uzao ulioanza na kobe wanne waliotolewa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Wizi uliwapunguza sana miaka ya 1990, ndiyo maana leo wanaishi ndani ya uzio. Umri wa kobe umeandikwa kwa rangi kwenye gamba lake, na mtoto wa miaka saba hukimbia kutoka kobe hadi kobe akimtafuta anayemzidi babu yake. Kobe hulishwa majani kwa mkono na hunyoosha shingo anapokunwa. Hapandwi mgongoni, hata kwa picha.

Nauli ya mashua hupatanwa kwa chombo kizima, hivyo familia mbili zikiungana hupunguza gharama. Kabla ya kupatana bei, mzazi aulize jaketi za kuokolea zenye kipimo cha mtoto. Zisipokuwapo, atafute mashua nyingine.

Mvua ikigoma kukatika

Pasaka daima iko ndani ya masika, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Unguja. Hoteli nyingi hushusha bei kipindi hiki, nafuu inayoweza kumleta mwenye kipato cha kawaida, lakini mpango usiokuwa na siku ya mvua si mpango.

Chaguo la kwanza ni Jozani, umbali wa kilomita 35 hivi kutoka mjini. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50, ilitangazwa mwaka 2004, na miti yake mirefu huzuia manyunyu madogo. Humo wamo kima punju, wekundu mgongoni, wasiopatikana kiasili popote duniani isipokuwa Zanzibar. Hawana dole gumba la kueleweka na hula majani zaidi kuliko matunda. Wale wa karibu na vijiji wamezoea kuokota mkaa kwenye matanuri na kuutafuna, kwa sababu majani ya mikungu na miembe yana kemikali zinazosumbua tumbo na mkaa huzinyonya. Barabara inayopita hapo imewekewa matuta baada ya kima wengi kugongwa na magari. Upande wa pili wa barabara kuna njia ya mbao katikati ya mikoko, na maji yakiwa yamejaa mtoto huiona mizizi ikiwa imezama chini ya miguu yake.

Chaguo la pili ni mashamba ya viungo ya Kizimbani na jirani zake. Mtoto anayejua iliki kama punje za kwenye pakiti anaiona ikiota karibu na ardhi, anakwangua gome la mdalasini na kulinusa, anapakwa midomoni rangi nyekundu ya mbegu. Matope yapo, na nguo za sikukuu zibaki chumbani.

Jioni, karibu wote huishia Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari Mji Mkongwe. Siku za bamvua maji hugonga ukuta mnamo saa 10, na vijana wa mjini hushindana kurukia baharini, mmoja akijipindua, mwingine akipiga mbizi kichwa mbele. Giza likiingia huwashwa taa za wauza urojo, mishkaki na juisi ya miwa. Bei iulizwe kabla ya sahani kujazwa.

Jambo moja la heshima. Pasaka za mwaka 2022, 2023 na 2024 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Miaka kama hiyo mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na mgeni hali wala hanywi njiani. Wazazi wenye watoto wadogo huwalisha ndani, kisha jioni hufuturu na wenyeji wao. Kwa miaka ijayo Ramadhani imeshasogea kabla ya Pasaka, ila mavazi ya staha mjini na vijijini hayana msimu.

Kwa wanaopanga mapema, hesabu ni hizi. Mwaka 2027 mwezi utapevuka Machi 22 na Pasaka itakuwa Machi 28. Mwaka 2028 utapevuka Aprili 9 na Pasaka itakuwa Aprili 16. Miaka yote miwili maji yatakuwa mafu au karibu na hapo, kwa hiyo kuogelea kupangwe asubuhi. Mwaka 2029 mwezi utapevuka Ijumaa Kuu yenyewe, Machi 30. Hiyo itakuwa bamvua, na raba za watoto zisiachwe nyumbani.