Karibu Kwenye Muziki wa Chuma: Utangulizi

Mtu akilelewa Jericho, Maringo au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kisha apende Black Sabbath, ataulizwa maswali mawili maisha yake yote. La kwanza: huo si muziki wa wazungu? La pili, ambalo aghalabu hutoka kwa mama au shangazi: huo si muziki wa shetani? Wewe mwanafunzi unayeingia katika taaluma ya kuuchunguza muziki huu utayasikia pia, tena katika kikao kile kinachopitisha mapendekezo ya utafiti. Nitayajibu yote mawili, ingawa la kwanza ndilo lenye nyama.

Hevi metali, yaani muziki wa chuma, haikuzaliwa kwa mabwanyenye. Ilizaliwa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham, Uingereza. Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 akifanya kazi ya kuchomelea katika kiwanda cha mabati. Siku aliyopanga iwe ya mwisho kazini aliwekwa kwenye mashine asiyoizoea, nayo ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa yeye ni wa mashoto, hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya vidole, akavivika ngozi. Nyuzi za kawaida zilimtesa, akatafuta nyembamba. Kisha kwenye albamu ya Master of Reality, 1971, akazilegeza nusu toni tatu chini ya kawaida ili zibanike bila kuumiza. Uzito huo unaotikisa kifua umetokana kwa sehemu kubwa na ajali ya kazini, pamoja na kifaa ambacho mwenyewe alijitengenezea kwa sababu hakikuwa dukani.

Sasa ingia Kamukunji, upande wa Shauri Moyo, msimu ule wazazi wananunua masanduku ya watoto wanaoingia shule za bweni. Fundi ameketi kwenye kipande cha kivuli, bati limelazwa juu ya pande la chuma cha reli, nyundo inashuka. Jirani yake anapiga sufuria, wa tatu ananyoosha mdomo wa pipa lililokatwa. Kila mmoja ana mwendo wake. Ukisimama katikati kwa muda, midundo inapishana, inafukuzana, kisha ghafla inaangukia pigo moja, na kabla hujafurahi imeshatawanyika tena. Judas Priest, bendi nyingine ya pande za Birmingham, walipokuwa wakirekodi British Steel iliyotoka 1980, walitikisa trei za vijiko na uma mbele ya maikrofoni ili wapate kishindo cha majitu ya chuma yakitembea. Glenn Tipton, mmoja wa wapiga gita wao, aliwahi kuajiriwa na shirika lenyewe la chuma ambalo jina lake liko kwenye albamu hiyo. Hao hawakuhitaji kueleweshwa kelele ya kazi ni nini, na fundi wa Kamukunji pia hahitaji.

Mitaa yetu ina asili ya namna hiyo. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya watu wa reli, Kaloleni ikafuata miaka ya 1940, na ng'ambo tu ya njia za treni kuna viwanda vya Industrial Area. Steve Harris alipoanzisha Iron Maiden mwaka 1975, aliianzisha mashariki mwa London, upande wa bandari na wachapa kazi. Kwa hiyo nikiulizwa kama muziki huu ni wa wazungu, hujibu kwa swali: wazungu gani, wa mtaa gani?

Tusidanganyane lakini. Eastlands haijawahi kuwa ngome ya roki. Dandora ilitupa Kalamashaka na hip hop ya Kiswahili, mtaa wa California ukatupa Jua Cali na genge, na matatu ya Buruburu haikupakii kwa Deep Purple. Wapenzi wa roki mitaani ni wachache na wanajuana. Njia zilizowafikishia muziki huu ndizo zinazostahili kuchunguzwa kwa makini. Kulikuwa na redio: kipindi cha Sundowner cha KBC kilizoesha masikio ya wazee wetu nyimbo za polepole za kigeni, na baadaye X FM ikapiga roki kutwa kucha. Kulikuwa na soko la Gikomba. Katika marobota ya mitumba zilifika fulana nyeusi za bendi, miji na tarehe za ziara zikiwa zimechapwa mgongoni, na wapo waliojua kuandika Metallica na Megadeth kabla hawajasikia hata nota moja. Nakuonya mapema kuhusu ushahidi wa aina hii: makanga aliyevaa fulana ya Slayer si shabiki mpaka athibitishwe. Huenda aliipenda kwa sababu haionyeshi uchafu.

Watu wengi wakisikia roki na Waswahili huanza na Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar 1946, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury wa Queen. Namheshimu, ila familia yake ilihama 1964 na habari zake hazitusaidii kuuelewa mtaa wa Umoja. Wazambia wanatusaidia zaidi. Miaka ya 1970 bendi kama Witch na Amanaz zilipiga roki nzito yenye lafudhi ya Kiafrika, na Musi-O-Tunya walirekodi hapa hapa Nairobi.

Sikio linafunzwaje? Mwanakwaya aliyejifunza solfa ataelewa haraka kuliko wengi. Mpiga gita wa metali hupiga do na so kwa pamoja na kuiacha mi. Mi ndiyo humwambia msikilizaji kama wimbo una furaha au majonzi. Ikiondolewa, inabaki nguvu tupu isiyoegemea upande. Sababu nyingine ni ya kiufundi. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti na kuzaa sauti za ziada juu ya zile zilizopigwa. Do na so hustahimili. Ukiongeza mi, zinagongana na kuwa matope. Shabiki wa benga naye hatakuwa mgeni, maana amezoea kipande kifupi cha gita kinachorudiwa mpaka kiwe makao ya wimbo mzima.

Kuhusu shetani, kwa ufupi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikafika bungeni 1999. Waliokuwa shuleni enzi hizo wanakumbuka wahubiri wakieleza kaseti zinazosema maovu zikichezwa kinyumenyume. Hofu hiyo ni sehemu ya historia yetu, isichekwe. Ila wasomaji wajue kwamba Geezer Butler, aliyeandika maneno mengi ya Black Sabbath, alilelewa katika familia ya Kikatoliki, na kwenye Master of Reality hiyo hiyo kuna After Forever, wimbo unaomtetea Mungu mbele ya wanaomkana.

Taaluma ina misingi. Deena Weinstein alichapisha utafiti wake wa kisosholojia 1991, Robert Walser akafuata 1993, na Edward Banchs akaleta Heavy Metal Africa mwaka 2016 baada ya kutembelea mashabiki wa bara hili. Kazi kwa Kiswahili ndiyo iliyobaki wazi, na nyenzo zipo tele. Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy waliwazoesha Wakenya kuona bendi zao wenyewe jukwaani. Martin Khanja na Sam Karugu, wawili wa Duma, walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yenye ngoma za kompyuta zinazokimbia kuliko mikono ya binadamu. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024, na amemtaja hadharani mama wa vita vya Mau Mau, Muthoni wa Kirima, kuwa ni bibi wa ukoo wake. Mayowe hayo yana ukoo hapa.

Swali ninalotamani mtu alichukue ni la fonetiki. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa vokali, kwa hiyo anayepiga mayowe hufika mwisho wa neno mdomo ukiwa wazi na pumzi ikiendelea kutoka. Mwimbaji wa Kiingereza mara nyingi hufungiwa mlango na konsonanti. Hilo linabadilishaje mahali pa kuvuta pumzi, na mpiga ngoma anajipanga vipi? Atakayeanza asikilize kwanza Master of Reality yote, kisha Pembe 666 ya Duma, siku hiyo hiyo, kwa spika na si kwa simu, kwa sababu simu haitoi besi. Jirani akigonga ukuta, apunguze kidogo, ila asizime.