Mota ya umeme kwa baiskeli ya abiria: piga hesabu kabla ya kutuma pesa

Wateja wetu wanaofanya kazi ya kubeba abiria kwa pedali wamekuwa na swali moja: nikiweka mota ya umeme kwa baiskeli yangu ya magurudumu matatu, itanilipa? Leo tunalijibu kwa hesabu, tukitumia mji wa Moi's Bridge kama mfano. Ukiwa Busia, Kisumu au Malindi, badilisha tu bei na umbali. Njia ya kufikiria ni ile ile.

Moi's Bridge iko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kando ya Mto Nzoia, ambapo Uasin Gishu inapakana na Trans Nzoia. Zamani iliitwa Hoey's Bridge. Ni mji wa mahindi, na bohari ya Halmashauri ya Nafaka, NCPB, iko pale. Msimu wa mavuno malori hujaa barabarani, pesa huzunguka, na watu wa steji hupata kazi kutoka asubuhi hadi jioni. Mahindi yakiisha, mambo hupoa. Kumbuka hiyo, kwa sababu mkopo haujui msimu.

Kazi ya pedali haijaanza jana

Jina "boda boda" lenyewe lilitoka kwa baiskeli. Katika miaka ya 1960, kule Busia, vijana walibeba abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, wakiita wateja kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Pikipiki zilikuja kuchukua jina hilo baadaye. Dar es Salaam nako kuna guta, baiskeli ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, ambayo imelisha familia nyingi.

Kubadilisha chombo kitumie umeme pia si jambo geni kwetu. Kampuni ya Roam ilianza Nairobi mwaka 2017 ikiitwa Opibus, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoa injini kwenye magari na kuweka mota. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limefanya kazi na baiskeli za umeme zinazoitwa AfricroozE. Kwa hivyo fundi akikuambia inawezekana, hakudanganyi. Swali ni kama itakulipa wewe, kwa steji yako.

Kwa nini mlima unakushinda

Mtu mwenye afya anayepiga pedali kutwa anaweza kutoa nguvu ya kama wati 100 bila kuchoka haraka. Sasa pima mzigo: baiskeli kilo 80, wewe kilo 70, abiria wawili kilo 140. Jumla kilo 290.

Kwenye tambarare, wati 100 zinakupeleka kama kilomita 10 kwa saa. Hapo huna shida. Lakini ukifika kwenye mlima mdogo tu, unaopanda mita 4 kwa kila mita 100, hizo wati 100 zinakupeleka kilomita 2 na nusu kwa saa. Mtu anayetembea anakupita. Ndiyo maana abiria hushuka na wewe unasukuma. Si uvivu, wala si uzee. Ni uzito.

Ili upande mlima huo kwa kilomita 8 kwa saa unahitaji kama wati 325. Wewe unatoa 100, mota itoe zile 225 zilizobaki. Kwa hivyo mota ya wati 250, ikiwa ni ya kweli na si ya maandishi tu, inatosha kwa mlima wa aina hiyo. Kama njia yako ina mlima mkali zaidi, utahitaji mota kubwa au mzigo mdogo. Na usiache kupiga pedali. Mota ni ya kukusaidia. Ukiiachia kazi yote mlimani itapata moto na betri itaisha mapema.

Betri ndiyo pesa yenyewe

Betri ya volti 48 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 960. Usiimalize kabisa, acha moja ya tano ili idumu. Unabaki na kama 770. Kwa mzigo wa abiria na njia yenye vilima kiasi, tukadirie wati-saa 25 kwa kila kilomita. Hiyo ni kama kilomita 30 kwa siku, yaani safari 15 za kilomita 2 ukiwa umebeba. Ukirudi mtupu, zima mota na upige pedali.

Kuijaza tena kunachukua karibu yuniti moja ya stima. Tukiweka yuniti kwa shilingi 30, stima ya siku ni kama shilingi 30. Hapa ndipo wengi hufurahi na kukimbilia kununua. Ngoja kwanza.

Betri za asidi, zile kama za gari, ni rahisi kununua. Lakini nne za kufikisha volti 48 zina uzito wa kilo 25 hivi, na ukizimaliza kila siku zinaweza kufa kabla mwaka haujaisha. Za lithiamu ni ghali mwanzoni, ila ni nyepesi na zikitunzwa hudumu miaka. Hakikisha betri ya lithiamu ina bodi yake ya ulinzi ndani, na utumie chaja iliyotengenezewa betri hiyo. Kuichaji kwa chaja ya betri ya asidi kunaweza kuwasha moto. Usichaji karibu na kitanda, wala mlangoni ambapo moto ukiwaka utakufungia ndani.

Sasa hesabu

Bei zifuatazo ni za mfano. Weka zile ambazo fundi wako amekupa.

Tuseme kazi yote ni shilingi 50,000. Betri ni 24,000, mota na vifaa vyake 22,000, fundi na breki mpya 4,000. Leo unafanya safari 10 kwa shilingi 50, unapata 500. Baada ya mota unafanya safari 15, unapata 750. Nyongeza ni 250 kwa siku.

Toa gharama za kila siku:

- Stima: shilingi 30.
- Akiba ya betri ijayo: shilingi 27. Hii ni 24,000 ukigawanya kwa siku 900 za kazi, yaani miaka mitatu.
- Pancha, cheni, breki na waya: shilingi 30.

Zinabaki shilingi 163. Ukigawanya 50,000 kwa 163 unapata siku 307. Kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, huo ni karibu mwaka mmoja. Si mbaya hata kidogo.

Lakini badilisha kitu kimoja. Tuseme mota imekuongezea safari 2 tu badala ya 5. Nyongeza ni shilingi 100. Gharama ni zile zile 87. Unabaki na shilingi 13 kwa siku, na pesa yako itarudi baada ya zaidi ya miaka kumi. Betri itakuwa imekufa mara nne.

Umeona? Kinacholipa mota si stima kuwa bei rahisi. Ni abiria wa ziada. Kama leo unakaa steji saa nzima ukingoja mteja, mota haitakuletea huyo mteja. Kama kila siku unakataa watu kwa sababu wanaenda upande wa mlima, au saa nane miguu imeisha na watu bado wapo, hapo mota ina kazi ya kufanya.

Kwa hivyo kabla ya kununua hata waya, fanya hivi kwa wiki mbili: andika kila abiria uliyembeba, na kila abiria uliyemkataa au aliyekupita akapanda pikipiki kwa sababu ya mwendo. Wale wa pili ndio soko la mota yako. Wakiwa chini ya watatu kwa siku, subiri.

Kama unapokea nauli kwa Till au Pochi la Biashara, nusu ya kazi imefanyika. Taarifa ya miamala inaonyesha ulilipwa na watu wangapi, siku gani na saa ngapi. Ukichanganya nauli na pesa ya nyumbani kwenye laini moja, hutajua biashara inapata nini. Tenganisha.

Mkopo au akiba?

Chukua mfano ule ule wa shilingi 50,000. Umekopa yote, na utarudisha 58,000 kwa wiki 52. Ukifanya kazi siku sita, ni shilingi 186 kila siku ya kazi. Mota inakuletea 163. Unaongeza shilingi 23 kutoka mfukoni kila siku, na hiyo ni kama hakuna mvua, matanga wala ugonjwa.

Sasa weka akiba 25,000 kwanza, ukope 25,000 na urudishe 29,000 kwa muda huo huo. Malipo yanashuka hadi shilingi 93. Unabaki na 70 kila siku tangu mwanzo. Kuweka akiba ya 25,000 kwa shilingi 150 kwa siku kunachukua siku 167 za kazi, karibu miezi sita na nusu. Ukianza kabla ya mavuno, ongeza kiasi wakati mahindi yanasonga na upunguze mji ukipoa.

Kabla ya kukubali mkopo wowote kwa simu, usiangalie tu riba. Uliza jumla utakayorudisha, igawanye kwa siku zako za kazi, halafu ilinganishe na shilingi zile zinazobaki. Kama malipo ni makubwa kuliko kinachobaki, huo mkopo utakula unga wa watoto.

Kumlipa fundi bila kulia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anaona tangazo mtandaoni, seti ya mota kwa nusu bei, "tuma dipositi leo, mzigo utakuja na gari ya jioni." Gari inakuja bila mzigo, na simu imezimwa. Jilinde hivi:

1. Ona kitu kwa macho kabla ya kutuma pesa. Kama muuzaji yuko mbali, tuma jamaa unayemwamini aende.
2. Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa tofauti na la duka, simama hapo.
3. Gawanya malipo mara tatu: sehemu ya kwanza vifaa vikifika, ya pili vikifungwa, ya mwisho baada ya jaribio.
4. Jaribio lifanyike mlimani, na abiria wawili wamekaa. Mota ikikwama au breki zikishindwa, malipo ya mwisho yanangoja.
5. Hifadhi jumbe zote za malipo, na mwandikiane karatasi inayotaja aina ya betri, volti, ampea na muda wa dhamana.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usingoje. Wanaotumia M-Pesa hutuma ule ujumbe wa muamala kwa 456. Lakini elewa kwamba huduma hiyo ni ya kurekebisha makosa ya kutuma. Haiamui kesi ya fundi aliyefanya kazi mbaya, na pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. PIN yako usimpe yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu.

Breki kwanza, mwendo baadaye

Fremu iliyotengenezewa mwendo wa miguu sasa itabeba uzito zaidi kwa kasi zaidi. Mwambie fundi akague sehemu zilizochomelewa, rimu na spoki. Mota ya gurudumu la mbele ni rahisi kufunga, lakini foku iwe ya chuma na ekseli ishikwe na kipande cha kuizuia isizunguke. Gurudumu la mbele pia huteleza kwenye murramu mlimani, kwa sababu uzito uko nyuma. Mota inayovuta kupitia cheni hupanda vizuri zaidi, ila cheni huisha haraka.

Betri ikae chini, chini ya kiti cha abiria, kwenye sanduku lisiloingiza maji, na fyuzi iwe karibu nayo. Breki ya mkono iwe na swichi ya kukata mota mara unapoishika. Weka taa na viakisi nyuma. Barabara ya Kitale ina malori, na dereva wa lori usiku hakuoni hadi taa zake zikumulike.

Mwisho, pita ofisi ya kaunti na NTSA uulize chombo chako kitahesabiwaje kikishawekwa mota, na uulize bima pia. Fanya hivyo kabla ya kununua.

Anza leo na kile kisicho na gharama: daftari la wiki mbili, abiria uliobeba upande mmoja, uliokosa upande wa pili. Likijaa, lete hesabu yako kwa wakala au kwa chama chenu cha steji mkae nayo pamoja. Mota itangoja. Shilingi 50,000 zikishatoka hazingojei mtu.