Mkono unaouguza usishike chungu



Jumatatu usiku mtoto anatapika. Jumatano dada yake anahara. Ijumaa mama mwenyewe yuko kitandani, na hakuna wa kuchota maji. Tunalaumu chakula cha barabarani, lakini mara nyingi ugonjwa umepita katika mikono yetu: mkono ulimpangusa mtoto, ukajifuta kwenye kikwembe, kisha ukasonga fufu ya nyumba nzima.

Kwa mgonjwa

Usimnyime kinywaji eti tumbo lipumzike. Kinachoua mtoto anayehara ni kukaukiwa maji mwilini. Koroga pakiti ya SRO katika maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja. Chupa kubwa ya bia haifiki lita, basi usipimie hiyo. Pakiti ikikosekana, tia katika lita moja vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazishwa, si vya kujaza mlima. Itakayobaki mpaka kesho, imwage.

Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi. Mkubwa ale uji. Omba zinki kwenye kituo cha afya. Hutolewa siku 10 hadi 14. Dawa za kufunga tumbo usimpe.

Kwa wengine nyumbani

Mmoja auguze, mwingine apike. Ukiwa peke yako, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chungu, na usijifute kwenye kikwembe ulichombebea mtoto. Sabuni ikiisha, tumia majivu. Mgonjwa awe na kikombe chake na taulo yake. Mavi na matapishi yaende chooni, hata ya mtoto mchanga, wala si kwenye mtaro. Pale alipotapika, pangusa, kisha osha kwa maji ya javeli. Maji ya kunywa yakae katika bidoni yenye kifuniko. Usichovye kikombe ndani.

Aliyepona asipikie wengine kwanza. Angoje siku 2 kamili baada ya kuhara na kutapika kukoma.

Usingoje asubuhi

Kimbilia kituo cha afya ukiona macho yameingia ndani, mtoto hakojoi, amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu katika mavi. Kuhara kama maji ya mchele kunaweza kuwa kolera: ondoka saa hiyohiyo, ukimnywesha SRO njiani.

Wamama wa kikundi, mwenzetu akiuguza, tusiishie kumpa pole mlangoni. Mmoja amletee bidoni ya maji, mwingine awapikie watoto wake. Hapo ndipo mkono wake utapumzika na chungu, na ugonjwa utakosa njia.